Ojiambo, Ojambo, Odhiambo: ni jina moja ama? Na wote ni ndugu?

Kijana_Kaptembwo

Habari zenu wadau. Nko Nakuru, nimezaliwa hapa Kaptembwo na nimelelewa hapa hapa, kwa hivyo kabla mtu aniambie "rudi kwenu ukaulize" ajue kwetu nimefika mara tatu tu maisha yangu yote, na mara mbili ilikuwa matanga. Jina letu la mwisho ni Ojiambo. Marehemu baba alikuwa anasema sisi ni Wasamia wa Busia, yaani Waluhya wa huko upande wa Funyula, basi, hadithi iliishia hapo. Hapa Nakuru kila mtu ananiita Odhiambo na ananisalimia kwa Kijaluo, mimi nacheka tu ju Kijaluo sijui na Kisamia pia sijui, najua Kiswahili na Sheng ya hapa mtaani.

Sasa kilichonileta. Kuna msichana tumekuwa pamoja miaka miwili, tumefika ile hatua ya kujulikana nyumbani. Baba yake pia ni Ojiambo. Mwanzo tulichekelea, ati akiolewa hata kipande (kitambulisho) hatabadilisha. Lakini juzi nilipoenda kwao Busia mama yake hakucheka. Alikuwa anapakua samaki, akasimama na mwiko mkononi akauliza, "Ojiambo wa wapi?" Na mimi kwa ujinga wangu nikajibu, "Wa Nakuru, mama." Akanitazama hivi, akaendelea kupakua, na tangu hapo hajauliza kitu kingine. Msichana ananiambia mamake anaogopa tusiwe ndugu.

Nikarudi nikafungua lile debe la majani ya chai mzee alikuwa anaweka makaratasi yake. Nimepata vitu vya ajabu. Cheti cha kuzaliwa cha dadangu kinasema Odhiambo. Kipande changu Ojiambo. Alafu kuna kadi ya kazi ya babu, alikuwa reli, imechanika pale ilipokunjwa na wino wa kidole umegeuka rangi ya kahawa, na hiyo inasema OJAMBO. Yaani familia moja tahajia tatu!

Kwa hivyo maswali yangu: hili jina lilitoka wapi, ni la Waluo ama la Waluhya, limeenea wapi, na ya maana zaidi, mtu akiitwa Ojiambo na mwingine Ojiambo hao ni ndugu? Msinicheke sana.

Muuza_Mtumba

"Wa Nakuru, mama" hehehehe. Bro hapo ulijimaliza mwenyewe. Nangoja majibu ju pia mimi mke wangu ni Ajiambo na sijawahi kuuliza chochote.

Kuka_wa_Funyula

Mulembe omwana wefwe. Mimi ni mtu mzima, naandika polepole kwa simu kwa hivyo mnivumilie.

Kwanza tulia. Ojiambo si jina la ukoo. Ni jina la mtu. Kwetu Samia mtu alikuwa na jina lake, na jina la baba yake likafuata nyuma ili watu wajue ni mtoto wa nani, basi. Kama baba ni Ojiambo Wandera, mtoto akiitwa Ouma basi ni Ouma Ojiambo, na mtoto wa Ouma akiitwa Wabwire ni Wabwire Ouma, Ojiambo ameshapotea hapo. Jina lilikuwa linatembea kizazi kwa kizazi. Hii mambo ya jina moja kukaa kwa familia nzima mpaka vitukuu imeletwa na shule, kanisa na kazi za mzungu. Kwa hivyo Ojiambo wa baba ya huyo msichana anaweza kuwa ni babu yake tu alizaliwa jioni, na Ojiambo wako ni babu mwingine alizaliwa jioni nyingine ng'ambo ya mlima. Jioni ziko nyingi.

Na hata kuzaliwa jioni si lazima. Mimi mwenyewe nimeshuhudia, mtoto wa ndugu yangu alizaliwa asubuhi peupe, akalia siku mbili, hanyonyi, hatulii. Mama yetu akamchukua akaketi naye kwa mlango akaanza kumtajia majina ya waliokufa, taratibu, moja moja, kama mtu anaita kuku. Ouma, analia. Okumu, analia. Bwire, analia zaidi. Alipofika Ojiambo, ndugu ya babu yetu aliyekufa majini, mtoto akakata kilio akashika ziwa. Wewe amini usiamini, huyo leo ni Ojiambo na alizaliwa saa moja asubuhi. Kwa hivyo jina lenyewe linarithiwa kutoka kwa marehemu yeyote, wa upande wa baba ama hata wa mama.

Kinachozuia ndoa kwetu ni UKOO. Hapo sasa ndio mama mkwe wako ameshikia. Huwezi kuoa ukoo wa baba yako, huwezi kuoa ukoo wa mama yako, na wazee wengi hawatakubali ukoo wa bibi zako pia, yaani mama ya baba na mama ya mama. Sasa wewe ulimwambia "wa Nakuru", ni kama alikuuliza nyumba ukamjibu stendi ya matatu. Ukoo wenu ni upi? Usiandike hapa mbele ya watu, niandikie inboksi.

Kuhusu asili, jina lenyewe ni la majirani wetu Waluo, sitadanganya. Majina yetu ya asili ya Kiluhya utayajua kwa Wa na Na. Mwanaume Wabwire, mwanamke Nabwire, ni mtu wa usiku. Wafula na Nafula wa mvua. Wekesa na Nekesa wa mavuno. Sasa Ojiambo na Ajiambo, Ouma na Auma, hiyo O na A ni ya Kijaluo wazi kabisa. Tumeishi nao mpaka mmoja na Ugenya ya Wajaluo miaka mingi sana, tumeoana, na Wasamia walikuwa wahunzi, vyuma vilitoka kwa vilima vyetu na majembe yetu yalinunuliwa mpaka Ujaluoni. Mtu akija kununua jembe analala, akilala anaona msichana. Majina yalipita huko huko. Lakini kubeba jina la Kijaluo hakukufanyi Mjaluo, ni kama vile Wasamia kina Petro na Yohana hawakuwa Waisraeli.

NyarUgenya

Kuka amesema vizuri nami niongeze upande wetu, maana hapo mpaka ndio kwetu. Siku hizi nafundisha Kisumu.

Odhiambo kwa Dholuo, yaani Kijaluo, ni neno la kawaida kabisa, ni jioni, ile saa jua linaanza kulala. Sisi tunagawanya siku na kila kipande kina mtoto wake. Omondi ni alfajiri, Onyango ni jua likipanda asubuhi, Ochieng ni jua kali la mchana, Odhiambo, alafu Otieno ni usiku, Oduor ni usiku wa manane umepita. Wasichana unaweka A. Na si saa pekee, Okoth ni mvua, Okech ni njaa, Obonyo ni nzige, Opiyo na Odongo ni mapacha, wa kwanza na wa pili, na Okello ndiye anafuata mapacha. Angalia vile Okech na Wanjala wa Wabukusu ni jina moja kabisa kwa maana, wote wawili ni watoto wa njaa, ila kila mmoja amevaa nguo ya kwao.

Sasa hiyo J. Dholuo iko na sauti ya DH, ulimi unagusa meno, kama ya dhahabu. Majirani zetu Wasamia hawana hiyo sauti kwa lugha yao, kwa hivyo ilipovuka mto ikawa J. Ndio hiyo tu. Niko na wanafunzi wa huko mpaka leo ukiwapa wasome "dhambi" wanasoma "jambi", darasa linaanguka kwa kicheko. Kwa hivyo ukiona Odhiambo sana sana ni Mjaluo, ukiona Ojiambo sana sana ni Msamia ama jirani zake wa karibu hapo Busia. Lakini si sheria, kuna makarani walikuwa Wajaluo wakasikia Ojiambo wakaandika Odhiambo kwa sababu masikio yao yalikuwa yanasahihisha, na nashuku hicho cheti cha dada yako ni kazi ya mtu wa kwetu, poleni.

Kuenea sasa. Odhiambo utampata Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, alafu anavuka mpaka mpaka Rorya huko mkoa wa Mara Tanzania, Waluo wako huko wengi tu. Alafu miji yote. Profesa Thomas Odhiambo yule wa wadudu, aliyeanzisha ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, 1970, huyo alizaliwa Mombasa 1931. Kwa hivyo mambo ya kuzaliwa mbali na kwenu usione ni wewe wa kwanza, omera.

Kijana_Kaptembwo

Weeeh. Asanteni sana, Kuka nimekuandikia inboksi lakini ukweli ni kwamba ukoo sijui, nimempigia shangazi hashiki. Kumbe kuna watu wa mjini kama mimi tumebeba jina kama begi lililofungwa na hatujui ndani mna nini.

Swali lingine kabla nisahau, hiyo OJAMBO ya babu ni makosa ya karani ama? Ju hiyo haina I kabisa.

Ojambo_wa_Ngambo

Si makosa! Hiyo ndiyo sisi. Niko Busia upande wa Uganda, Kiswahili chetu cha huku msicheke.

Huku kwetu wengi tunaandika Ojambo, na dada zetu Ajambo. Matamshi ni yale yale, tofauti ni shule. Nyinyi mlifundishwa kuandika na watu wengine, sisi na wengine. Ukivuka mpaka ukaenda soko la Busia upande wenu ukaita "Ojambo!" watageuka watu kumi, nusu wana I kwa kipande na nusu hawana, na wote wanakula samaki mmoja wa ziwa moja.

Watu wanasahau hiyo mpaka ni kitu cha juzi. Hadi 1902 huko kote, mpaka Kisumu na hata Naivasha, ilihesabiwa Uganda, ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakauhamisha ukaingia upande ambao sasa ni Kenya. Sasa Wasamia wakajikuta wengine wako huku wengine huko, mto Sio unapita katikati ya ndugu. Angalia kina Awori, familia moja kabisa, Moody Awori akawa makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003, ndugu yake Aggrey Awori akawa mbunge wa Samia Bugwe huku na akagombea urais wa Uganda 2001, baadaye akawa waziri huku. Baba mmoja! Kwa hivyo ukiuliza jina Awori ni la nchi gani, utajibiwa nini?

Kitu kingine wazee wetu walisema sana ni ule ugonjwa wa malale, kuanzia 1900 hivi. Ulimaliza watu pande za ziwa, upande wa Uganda peke yake walikufa zaidi ya watu 200,000 kwa miaka ishirini. Watu walihama ufuko wakakimbilia juu, wengine kwa wajomba, wengine kwa rafiki, na pale walipokaribishwa mara nyingi watoto wakaitwa kwa majina ya wenyeji. Babu yako kama alikuwa na J bila I, mimi ningeuliza kama hakuanzia huku kwetu kabla aende Funyula. Ama alisoma huku. Ama mtu aliyemwombea kazi reli alikuwa wa huku, maana hiyo reli ya zamani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya nchi zote tatu mpaka ilipovunjika 1977, mtu wa Tororo alikuwa anaweza kuandikwa Nakuru bila shida.

Dijitali_Man

Wazee mnajisumbua, kuna zile tovuti unaandika jina linakuletea ramani ya dunia na idadi ya watu. Nimeandika Ojiambo imeleta Kenya nyekundu kabisa na Uganda kidogo. Swali limejibiwa.

NyarUgenya

Dijitali hiyo ramani inahesabu herufi, haihesabu watu. Ukiandika Ojiambo, akina Ojambo wa ng'ambo hawamo, na mtu anayeitwa Ojiambo Peter kwa kipande chake amehesabiwa kama Peter. Na hata sensa yetu haihesabu majina. Ile ya 2019 inakuambia Busia iko na watu 893,681 na Waluhya ni kama milioni 6.8 nchi nzima, lakini kina Ojiambo ni wangapi haikuambii.

Alafu herufi kufanana si undugu. Obama ya Kogelo ni ya Kijaluo, lakini Guinea ya Ikweta waziri mkuu wao wa 2006 hadi 2008 alikuwa Ricardo Mangue Obama, hana uhusiano wowote na Siaya. Na kule Japani kuna mji mzima unaitwa Obama! Awori hivyo hivyo, kuna Waawori wa upande wa Lagos, ni Wayoruba. Mimi nikiwa kwa ndege Mnaijeria mmoja alinishika mkono ati dada yangu, kwa sababu tu jina langu linaanza na O. Tulikula naye karanga zake mpaka mwisho wa safari, sikumsahihisha.

Muuza_Mtumba

Nimeuliza wife ukoo wake. Ameniuliza kwani nimekuwa na yeye miaka saba kufanya nini. Nalala kwa kochi leo, asanteni.

Karani_Mstaafu

Nimekaa nasoma tu lakini hii mambo ya karatasi inaniwasha, nimefanya kazi ya kusajili watu miaka mingi kwa ofisi ambayo sitaitaja.

Majina yetu yaligandishwa na kipande. Sheria ya kwanza ilitoka 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya vita, 1919 hadi 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu abebe karatasi ndani ya kasha la chuma shingoni, jina, kabila, alama za vidole, na mwajiri anaandika humo. Pale mezani mzungu ama karani wake anauliza jina, mtu anasema lake. Anauliza baba, anataja. Ikiandikwa ndio imekuwa wewe, hata kama alisikia vibaya. Hiyo "s/o" mnayoona kwa makaratasi ya zamani ni "mtoto wa", na kijana naomba uangalie vizuri hiyo kadi ya babu kama iko nayo, maana hapo ndipo utapata jina la pili la kufuatilia. Mtu akija na "Ojambo" pekee huwezi kumtafuta, akija na Ojambo mtoto wa fulani unaweza.

Kuhusu dada yako asikae na tahajia tatu, pasipoti itamsumbua na mirathi itamsumbua zaidi. Kama ni herufi tu zimetofautiana na mtu ni yule yule, anaweza kuanza na hati ya kiapo mbele ya wakili ama hakimu, inasema mimi ndiye huyu na huyu. Kama anataka kubadilisha kabisa, wakili anaandika hati ya kubadilisha jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati Nairobi, alafu inachapishwa kwa Kenya Gazette, lile gazeti rasmi la serikali, na hiyo nakala ya Gazette ndiyo anatembea nayo ofisi nyingine zote. Asinunue njia ya mkato kwa mtu wa pale nje kwa mti. Nimeona vilio.

Na kitu kingine, mtoto wako ukienda kumwandikisha, andika jina kwa karatasi kwa herufi kubwa umpe karani. Usimtamkie. Nasema hivi nikijua makosa niliyofanya mwenyewe. Siku ya joto, foleni imefika nje, mama anatamka jina na mtoto analia, unaandika vile umesikia.

Kijana_Kaptembwo

Karani we ni mtu wa maana sana. Nimetoa kadi tena nikaipeleka dirishani kwa mwangaza. IKO. Ilikuwa kwa mkunjo, nusu imeliwa na mende. OJAMBO S/O WANDERA. Alafu mstari wa chini kuna neno limefifia naona S na M, nafikiri ni Samia.

Kwa hivyo babu alikuwa Ojambo, baba yake Wandera, baba yangu akachukua la baba yake likawa la mwisho, na mimi nikalichukua tena badala ya la baba. Yaani kwa mpango wa Kuka jina lingefaa kuwa limeshapita, tuliligandisha sisi. Na la msichana nimeuliza, kwao Ojiambo ni jina la baba ya baba, kwa hivyo babu zetu wawili tu. Nimemtumia picha ya kadi apeleke kwa mamake.

Kuka_wa_Funyula

Vizuri mwanangu. Lakini usiruke bado. Wandera ni wengi kama mawe ya Samia. Shangazi ameshika simu?

Ojambo_wa_Ngambo

Na mwenye kadi akija huku ng'ambo anitafute, chai iko.

Kijana_Kaptembwo

Wadau nimerudi, samahani nilipotea siku nne, kulikuwa na mambo mengi.

Shangazi alishika. Nilimtumia picha ya kadi kwa mtoto wake amsomee. Alinyamaza sana mpaka nikadhani laini imekatika. Alafu akasema, "Wandera si baba yake. Wandera ni mjomba."

Kumbe hivi. Mama ya babu aliachwa mjane na watoto wawili, akarudi kwao, na babu akalelewa na kaka ya mama yake, ndiye Wandera, na huyo Wandera alikuwa anaishi ng'ambo, upande wa Uganda, kabla wote wavuke kuja Funyula. (Ojambo wa Ngambo, ulipiga penyewe kabisa, sijui nikuite mganga.) Alipoenda kuandikwa reli akaulizwa baba, akataja mtu aliyemlea. Baba mwenyewe alikuwa anaitwa Ouma na ukoo wake ni mwingine kabisa, shangazi amenitajia, nimeandika kwa daftari na tarehe, Kuka nimekutumia inboksi.

Sasa utamu uko hapa. Ukoo wangu wa kweli na ukoo wa baba ya msichana ni tofauti, wala havijakaribiana. Nikaruka kwa furaha mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini nikampigia msichana, na mamake alikuwa ameshaona jina la Wandera kwa ile picha, na ameuliza Wandera yupi, kwa sababu bibi yake yeye mama, yule aliyemlea, alikuwa binti wa Wandera mmoja wa ng'ambo.

Muuza_Mtumba

Aiiiii.

Kuka_wa_Funyula

Usilie bado. Kuna Wandera na kuna Wandera. Hapo hesabu ni ya vizazi na ni ya kukaa chini na wazee, hii ya simu haitoshi. Jumamosi njoo na hiyo kadi yenyewe, picha uache, na uje na shangazi. Mimi nitakuwa Funyula, uliza tu hapo sokoni kwa fundi wa baiskeli watakuonyesha. Na huyo mama mkwe aje na mtu wa upande wa bibi yake. Tutataja majina mpaka tufike mahali wawili wanakutana ama hawakutani.

Kijana_Kaptembwo

Sawa Kuka, nimekata tiketi ya matatu ya Ijumaa usiku. Kadi nimeiweka kwa bahasha ndani ya daftari. Shangazi anasema atakuja ila nimbebee sukari kilo mbili na majani, na ati debe nisiliache Nakuru, nije nalo lote.